Kabla ya Kuuliza Maswali Tisa: Kwa Nini Tunalipima Dodoso la Sonona



Katika bajeti ya mradi wa afya ya akili kuna fungu lililoandikwa "kupima dodoso". Fungu hilo limeniletea maswali kutoka pande mbili. Kwenye kikao cha kamati, mzee mmoja wa kanisa alisimama akaniuliza bila kuzunguka: "Mratibu, watu wanaumwa, nanyi mnapima karatasi?" Muda si mrefu ikaja barua kutoka kwa rafiki yetu wa ng'ambo. Maneno yake ni ya upole, lakini swali ni lile lile: dodoso hili limekwisha kutumika dunia nzima, kwa nini lipimwe tena Lushoto? Wote wawili wana haki ya kujibiwa, na jibu ni refu kuliko nafasi ninayopewa kwenye vikao.

Sonona ni nini

Sonona ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Mtu anapoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, usingizi unavurugika, mwili unachoka bila kazi, chakula hakipiti, anajiona hana faida kwa watu wake, na wakati mwingine anatamani asiwepo. Si uvivu, wala si upungufu wa imani. Wengi wetu husema tu "ana mawazo mengi".

Huku Usambara hatukuanza jana kuhudumia wagonjwa wa akili. Lutindi, kule juu ya Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa kutoka utumwani. Mwaka 1904 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na inahesabiwa kuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki. Lakini anayepelekwa Lutindi mara nyingi ni yule ambaye ugonjwa wake umeonekana na kijiji kizima. Mwenye sonona haonekani hivyo. Yuko nyumbani, shamba lake limeota magugu, na majirani wanasema amekuwa mvivu siku hizi. Ili kumpata mtu huyo ni lazima mtu aende akamuulize, na hapo ndipo dodoso linapoingia.

Dodoso tulilochagua lina maswali tisa. Liliandaliwa Marekani na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke, na utafiti wake mkuu ulichapishwa mwaka 2001. Halilipiwi ada, na hilo kwetu si jambo dogo. Kila swali linahusu majuma mawili yaliyopita, na majibu ni manne: hapana kabisa (alama 0), siku kadhaa (1), zaidi ya nusu ya siku hizo (2), karibu kila siku (3). Jumla haizidi 27. Aliyefika 10 au zaidi kwa kawaida hupelekwa kwa mhudumu wa afya akaangaliwe vizuri. Dodoso lenyewe halitoi hukumu ya ugonjwa, linabisha hodi tu.

Kosa nililolifanya mimi

Miaka kadhaa iliyopita, katika mradi mwingine niliousimamia, niliwapa wahudumu wa kujitolea dodoso la afya baada ya semina ya siku moja. Fomu zilirudi zimejazwa vizuri, hata mwandiko ulikuwa wa kupendeza. Mtaa mmoja karibu kila mtu alikuwa mzima. Mtaa jirani, ng'ambo ya bonde tu, wengi walionekana kuwa katika hali mbaya. Niliandika ripoti kwamba mtaa wa pili una uhitaji mkubwa, nikaituma.

Baadaye nilipanda mwenyewe kwenda kuona. Mhudumu wa mtaa wa kwanza, dada mchangamfu sana, alikuwa akiuliza hivi: "Mama, usingizi nao mzuri, siyo?" Mama gani atamwambia mgeni mwenye heshima kwamba siyo? Mhudumu wa mtaa wa pili alikuwa amewaeleza watu kuwa watakaoonekana na shida nyingi wataandikwa kwa ajili ya msaada wa unga. Basi nilichokuwa nimekipima ni wahudumu wawili, na watu wa mitaa ile sikuwa nimewapima hata kidogo. Ripoti ile ilikuwa imekwisha kusomwa, na sikupata namna nzuri ya kuirudisha.

Mzee aliyeniuliza kuhusu karatasi ni mkulima wa viazi, kwa hiyo nilimjibu kwa lumbesa. Kila anayeuza viazi au kabichi kutoka milima hii anaijua lumbesa: gunia linalojazwa hadi kushonewa kilemba juu, na bei ikabaki ile ile ya gunia moja. Mnunuzi akisema "nimechukua magunia kumi", hajasema chochote mpaka tujue gunia lake lina ukubwa gani. Dodoso lisilopimwa ni gunia la namna hiyo. Tukisema mtaa fulani una watu 30 wenye alama 10 na kuendelea, hatujasema chochote mpaka tujue kwamba alama 10 ya mtaa huu ni sawa na alama 10 ya mtaa ule.

Uthabiti unapimwaje

Wataalamu wanauliza kwanza kama kipimo kina uthabiti, maana yake ukipima kitu kile kile kwa namna ile ile upate jibu lile lile, au lililo karibu sana. Kuna njia tatu ambazo zinatuhusu.

Njia ya kwanza ni kumuuliza mtu yule yule mara mbili. Mama aliyepata 14 Jumanne hii, akipata 13 au 15 baada ya siku kumi, na jirani yake aliyepata 3 akabaki kwenye 3 au 4, basi mizani yetu imetulia. Ugumu uko kwenye muda. Ukirudi kesho, mtu anakumbuka alichokujibu jana na kukirudia ili asionekane mwongo. Ukirudi baada ya miezi miwili, huenda amepona kweli, au amefiwa, au mvua imeharibu mahindi. Kwa sababu hiyo wengi huchagua kati ya juma moja na majuma mawili. Kuna jambo jingine linalojitokeza mara nyingi: alama za mara ya pili hushuka kidogo. Pengine ni kwa sababu kuulizwa tu na mtu anayesikiliza humpunguzia mgonjwa mzigo. Sikitiko la mtakwimu hapo ni furaha ya mchungaji!

Hapa kuna mtego. Tuseme watu wote wameshuka alama 4 kwa pamoja. Aliyekuwa wa kwanza amebaki wa kwanza, na wa mwisho amebaki wa mwisho. Hesabu rahisi ya kulinganisha itasema uthabiti ni mkamilifu, kumbe ni kama mizani ya mnunuzi inayopunja kila mtu kilo ile ile. Ndiyo sababu tumemwomba mtakwimu wetu atumie hesabu inayoangalia pia kama alama zenyewe zinakubaliana, asiishie kwenye mpangilio wa watu.

Njia ya pili ni kuangalia kama maswali yenyewe yanaimba wimbo mmoja. Mwenye kwaya anaelewa haraka. Swali la usingizi, la uchovu, la kukata tamaa na mengine yote yanatakiwa yawe sauti tofauti za wimbo ule ule. Swali moja likienda peke yake, ambapo wenye huzuni nyingi wanapata sifuri na wenye furaha wanapata tatu, hapo kuna kasoro katika tafsiri au katika maisha ya watu tunaowauliza. Kipimo chake kinaitwa alfa ya Cronbach, kutokana na Lee Cronbach aliyeandika juu yake mwaka 1951. Kinakwenda kuelekea 1, na wengi hukubali kuanzia 0.70. Wafadhili wengine wakiona 0.95 hufurahi. Mimi ningeuliza kwanza, kwa sababu huenda ni swali moja limerudiwa mara tisa kwa maneno mengine. Kwaya ya sauti moja haihitaji waimbaji tisa.

Njia ya tatu ni kuangalia kama wauliza wawili wanapata jibu moja kutoka kwa mtu mmoja. Hii ndiyo iliyoniangusha mimi, na vitabuni huwa inapewa mistari michache tu.

Wengine walipata nini

China ina mafunzo mazuri, ingawa ni mbali. Mwaka 1982 daktari Arthur Kleinman alichapisha kazi yake ya Hunan. Aliwachunguza wagonjwa 100 ambao hospitali ilisema wana "udhaifu wa neva". Walilalamika kuumwa kichwa, kukosa usingizi, kizunguzungu na uchovu, na wachache walitaja huzuni kuwa ndiyo shida yao. Alipowachunguza kwa vigezo vya Marekani, 87 kati yao walikuwa na sonona. Somo lake linatufaa kabisa, maana hata kwenye zahanati zetu watu huja na kichwa, mgongo na moyo kwenda mbio. Miaka mingi baadaye, mwaka 2014, watafiti wa China walichapisha matokeo ya dodoso hili la maswali tisa kwa watu 1,045 wa kawaida, wasio wagonjwa wa kliniki. Alfa ilikuwa 0.86, na walioulizwa tena baada ya majuma mawili walikubaliana na majibu yao ya kwanza kwa kiwango cha 0.86 pia.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Nchini Kenya tafsiri ya Kiswahili ya maswali haya tisa ilipimwa kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya watu wazima 347 wanaoishi na VVU magharibi ya Kenya. Alfa ilikuwa 0.78, inayokubalika. Lakini walipoulizwa tena, makubaliano yalikuwa 0.59 tu.

Je, Wakenya ni vigeugeu kuliko Wachina? La hasha. Kwanza makundi hayafanani: huku ni watu wa mtaani, kule ni wagonjwa wa kliniki. Maisha ya mtu anayeishi na VVU yanaweza kupanda na kushuka ndani ya juma moja, dawa zikimsumbua au nauli ikikosekana. Pia kuulizwa mara ya kwanza umekaa kwenye benchi la kliniki tangu asubuhi si sawa na kuulizwa ukiwa umetulia. Kwa maoni yangu, ile 0.59 imenifundisha zaidi kuliko ile 0.86, kwa kuwa inaonya kwamba mtu asiandikwe mgonjwa wala mzima kwa mahojiano ya siku moja.

Tanzania nayo haikukaa kimya. Watafiti wa Dar es Salaam, Profesa Sylvia Kaaya na wenzake, walipima dodoso jingine la maswali 25 kwa wajawazito wanaoishi na VVU, wakachapisha mwaka 2002. Waliona kwamba mpaka uliozoeleka nje, 1.75, haukufaa, na kwamba ilibidi mpaka ushushwe. Fikirini maana yake kwa mama mmoja: kwa mpaka wa nje angeambiwa hana neno aende nyumbani. Mwaka 2008 walichapisha kazi nyingine, ya dodoso la maswali 19 lililotengenezwa hapa hapa nchini. Dodoso letu la maswali tisa nalo limepimwa Tanzania, na matokeo yalichapishwa mwaka 2019.

Basi kwa nini tena Lushoto?

Kwa sababu ya lugha, kwanza. Vijana wetu wanajibu Kiswahili bila shida. Bibi wa miaka 70 anakifahamu Kiswahili cha sokoni na cha ibada, lakini mambo ya ndani ya moyo anayasema kwa Kisambaa, na wengine kwa Kipare au Kimbugu. Mhudumu anafanya nini? Anatafsiri papo hapo, akiwa amesimama mlangoni. Wahudumu 20 wana tafsiri 20, kwa hiyo tuna madodoso 20 yenye kichwa cha habari kimoja. Tunachofanya sasa ni kuandika tafsiri moja ya Kisambaa. Mtu wa pili ambaye hajaiona fomu ya awali anairudisha kwenye Kiswahili, halafu tunakaa pamoja kuangalia palipopotea maana. Kazi hii ndiyo inayokula siku nyingi kuliko zote.

Pili ni maswali yenyewe. Swali la tatu linauliza kama mtu amepata shida ya kulala au amelala kupita kiasi. Tulipolijaribu kwa mazungumzo, mama mmoja alijibu haraka: "Karibu kila siku!" Ilikuwa majira ya kulinda mahindi dhidi ya nguruwe pori, na familia nzima ilikesha shambani kwa zamu. Kwa fomu, ana alama 3. Kwa ukweli, ana nguruwe. Swali la tano la hamu ya kula lina shida kama hiyo katika miezi ya njaa: asiyekula kwa kukosa chakula na asiyekula kwa kukosa hamu wanajibu namna moja. Swali la saba linatoa mfano wa kusoma gazeti au kutazama televisheni. Kwa asiyesoma na asiye na umeme tunajadili kutumia mfano wa kusikiliza redio au kufuatilia mahubiri hadi mwisho. (Mchungaji mmoja amepinga mfano huu wa mahubiri, akisema wazima nao watapata alama kubwa.)

Swali la nane linaunganisha mambo mawili yanayopingana, kwenda polepole mno au kuhangaika bila kutulia. Mtu akijibu "ndiyo" hatujui amekubali lipi. Tumekubaliana kulisoma kwa vipande viwili na kuandika alama ya kipande kilicho kikubwa. Na ule muda wa majuma mawili tunausema kwa alama ambayo kila mtu anaikumbuka: "tangu Jumapili ile ya kabla ya iliyopita". Kwa ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi katika wilaya hii na ni walengwa wa mradi sawasawa na sisi, tunasema Ijumaa.

Tatu ni salamu. Sisi tumelelewa kwamba ukiulizwa habari unajibu nzuri. Hata aliyefiwa jana ataanza na "nzuri", kisha ataleta "ila" yake ukimsubiri. Mhudumu mwenye haraka anaandika ile "nzuri" na kuondoka kabla "ila" haijafika. Kwa hiyo mafunzo yetu ya safari hii ni ya siku nne, na sehemu kubwa ni kujifunza kunyamaza.

Uthabiti peke yake hautoshi

Mizani inaweza kutulia kabisa na bado ikadanganya. Dodoso linalopima uchovu wa kubeba kuni badala ya sonona linaweza kutoa jibu lile lile kila juma, kwani kuni hubebwa kila juma. Hivyo baadhi ya watakaohojiwa wataonana pia na mtaalamu wa afya ya akili ambaye hataonyeshwa alama zao. Baada ya hapo tutalinganisha alichoona yeye na kilichosemwa na fomu, na ndipo tutakapojua kama mpaka wa 10 unafaa huku milimani, au ushushwe, au upandishwe.

Uganda walianza mbali zaidi. Paul Bolton na wenzake, katika Masaka na Rakai, hawakuanza na fomu. Waliwauliza wanakijiji wenyewe ni shida gani za moyo wanazozijua na wanaziitaje kwa Kiganda, ndipo wakarekebisha dodoso. Halafu vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na wenyeji waliofundishwa vilikutana kila juma kwa majuma 16. Utafiti ulihusu vijiji 30, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha nafuu kubwa kwa waliokuwa kwenye vikundi. Dodoso lililopimwa ndilo lililowawezesha kusema kwamba nafuu ile ni ya kweli. Bila hilo wangebaki na shuhuda tu, na shuhuda tunazo nyingi.

Swali la tisa

Limebaki swali moja, nalo ndilo linalonikosesha usingizi mimi mwenyewe. Swali la tisa linauliza kama mtu amewaza kwamba ni afadhali afe, au ajidhuru. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu imelifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na kijijini aibu yake inafika kwa watoto na wajukuu. Mtu mwenye akili zake atamjibu nini binti wa jirani aliyeshika kalamu na fomu yenye jina lake? Atasema hapana, na atasema hapana mara ya pili vile vile. Kwa hesabu za uthabiti swali hilo litaonekana zuri sana.

Tumeamua yafuatayo, na tunaomba kamati ziyasimamie. Muulizaji asitoke mtaa ule ule wa anayeulizwa. Fomu iwe na namba badala ya jina, na daftari la majina likae kwa mratibu peke yake. Mahojiano yafanyike mahali ambapo mkwe, mume au mtoto hasikii, hata kama ni chini ya mti mbali na nyumba. Yeyote atakayejibu zaidi ya sifuri katika swali la tisa asiachwe peke yake kusubiri jumla ya alama: mhudumu apige simu kwa muuguzi wa zamu siku hiyo hiyo, na abaki naye mpaka mpango ujulikane. Usharika ambao haujapata mhudumu wa afya wa kupokea simu hiyo hautaanza mahojiano, hata kama fomu zimekwisha kufika.

Kwa rafiki yetu aliyeandika barua: ripoti ya kwanza utakayoipata haitakuwa na idadi ya wagonjwa waliosaidiwa. Itakuwa na alfa, makubaliano ya mara mbili, tofauti kati ya wauliza wetu, na orodha ya maswali yaliyotushinda kutafsiri. Kama swali la tatu litaendelea kupima nguruwe pori, tutaandika hivyo.

Kamati ziniletee majina ya wahudumu wawili wawili, mmoja awe anazungumza Kisambaa cha nyumbani. Tunapendelea watu ambao majirani huwaendea wenyewe wakiwa na shida, hata kama mwandiko wao si mzuri. Fomu za zamani zilizobaki kwenye ofisi za sharika zirudishwe, zisitumike tena.

Mratibu wa Mradi